Sijala usiku kucha, mbona sukari imepanda?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 49, mshonaji, nipo Muheza. Niligundulika na kisukari aina ya pili mwaka jana, natumia metfomini ya miligramu 500 asubuhi na jioni. Mwanangu kaninunulia mashine ya kupima. Kinachonishinda ni hiki: saa nne usiku napima napata 6.8, nalala, siamki hata kunywa maji. Saa kumi na mbili asubuhi napima napata 8.9. Nimeacha kabisa chakula cha usiku, ndiyo kwanza ikafika 9.4. Kliniki nimeambiwa nidhibiti mdomo. Mume wangu naye anacheka, anasema kuna mtu anafungua kabati la mandazi usiku. Naapa sili. Jirani ana vidonge vyake vingine vya sukari, anasema nimeze kimoja kabla ya kulala. Sukari hii inatoka wapi, na hicho kidonge nimeze?

Jibu: Marahaba, mama. Naanza na la mwisho, kwa sababu ndilo linaloweza kukuletea maafa usiku wa leo: kidonge cha jirani usimeze. Sababu inakuja huko mbele, na ukishaielewa hutakuwa na hamu nacho tena.

La kwanza sasa. Hiyo sukari haitoki kabatini, inatoka kwenye ini lako. Usiku kucha ini lako linamwaga sukari kwenye damu, kama linavyofanya la kwangu na la mumeo. Lako lina tatizo moja tu: likiambiwa basi, inatosha, halisikii vizuri. Nami nakuamini kwamba huli. Wagonjwa wengi wanaokuja na daftari kama lako wameshaitwa waongo na watu wawili watatu kabla hawajanifikia, na wengine wameishia kuandika namba za kubuni ili wasigombezwe. Daftari la uongo ni hatari kuliko hiyo 8.9.

Tutazame kiasi chenyewe. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Asiye na kisukari, mashine ikimsomea 5, yaani milimoli 5 kwa kila lita ya damu, ukiikusanya sukari yote iliyomo ndani ya damu yake unapata gramu 4 na nusu, yaani kijiko kimoja cha chai. Basi. Kuanzia utosini hadi unyayoni damu inazungusha kijiko kimoja. Kwako ile 6.8 ya saa nne usiku ni kama gramu 6, na 8.9 ya asubuhi ni gramu 8. Kesi nzima ya mandazi inahusu gramu 2, chini ya nusu kijiko. Hata ukijumlisha na sukari iliyo kwenye majimaji yanayozunguka seli, nyongeza yote ya usiku ni kijiko kimoja na kidogo.

Linganisha na matumizi. Ubongo peke yake unakula gramu 120 hivi za sukari kwa siku, gramu 5 kila saa, uwe umelala au unashona. Chembe nyekundu za damu nazo hazina chakula kingine ila sukari. Kwa hiyo kijiko kile kimoja, kama hakuna anayekijaza, kingekwisha ndani ya saa moja na ungezimikia kitandani. Wewe unaijua bobini: uzi wake ni kidogo, ukishona mapindo mawili matatu umeisha. Damu ni bobini. Ila hii haingoji iishe ndipo ijazwe, inajazwa huku inashona, na rola linaloijaza ni ini. Kwa mtu wa kilo 70 aliyelala, ini hutoa gramu 8 hivi kwa saa. Saa nane za usingizi ni zaidi ya gramu 60, vijiko kumi na viwili na ushee, na hapo nazungumzia mtu asiye na ugonjwa wowote. Wewe kupandisha kijiko kimoja katika vijiko kumi na viwili ni hesabu iliyopinda kidogo tu.

Jambo hili liliwasumbua hata wasomi. Hadi katikati ya karne ya 19 iliaminika kwamba sukari hutengenezwa na mimea tu, wanyama kazi yao ni kuila na kuichoma. Mfaransa mmoja, Claude Bernard, akamlisha mbwa nyama tupu, kisha akapima damu inayotoka kwenye ini lake. Akakuta sukari. Mwaka 1855 akafanya jaribio ambalo sichoki kulisimulia. Alichukua ini la mnyama aliyetoka kufa, akapitisha maji kwenye mishipa yake mpaka maji yanayotoka yakawa hayana sukari hata chembe. Akaliacha. Kesho yake akalipima tena: limejaa sukari. Ini limekatwa, halina mdomo, halina tumbo, hakuna aliyelilisha, na asubuhi lina sukari. Mwonyeshe mumeo aya hii. Miaka miwili baadaye, 1857, Bernard aliitenga ile akiba yenyewe iliyokuwa inageuka sukari, wanga wa mwilini tunaouita glikojeni. Ini la mtu aliyeshiba lina kama gramu 100 za akiba hiyo.

Misuli nayo ina akiba, tena kubwa zaidi, kama gramu 400. Lakini misuli ni wachoyo. Haina kimeng'enya cha kuirudisha sukari kwenye damu ikishaingia, kwa hiyo ya msuli wa paja italiwa na msuli wa paja. Kinacholisha ubongo usiku ni ini, na figo zikisaidia kidogo.

Nani basi anaamua ini litoe kiasi gani? Ni kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula. Sehemu kubwa ya kongosho hutengeneza majimaji ya kusaga chakula, lakini ndani yake kuna vikundi vidogo vya seli vilivyotapakaa kama visiwa, karibu milioni moja. Paul Langerhans aliviona kwa hadubini mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, akavieleza vizuri, ila kazi yake hakuijua. Leo tunajua kwamba kwenye kila kisiwa kuna seli za beta zinazotoa insulini, na kando yake seli za alfa zinazotoa glukagoni. Insulini huliambia ini: funga. Glukagoni huliambia: toa. Siku nzima ini linasikiliza sauti hizo mbili na kufuata ile iliyo kubwa.

Seli ya beta inajuaje kwamba sukari imepanda? Inaionja kwa kuila. Sukari ya damu ikipanda, inaingia kwenye seli hiyo nyingi zaidi na kuchomwa, nguvu inayopatikana inafunga vijilango vya potasiamu kwenye ukuta wa seli, chaji ya umeme inabadilika, kalisi inaingia, na vifuko vya insulini vinapasukia nje. Dakika chache tu. Sukari ikishuka, vijilango vinafunguka tena na seli inanyamaza. Mfumo mzima unategemea kwamba seli itanyamaza sukari ikishuka.

Hapa ndipo kidonge cha jirani kinapoingia. Vidonge vinavyotumiwa sana na wenye kisukari huku kwetu, ukiacha metfomini, ni vya jamii ya glibenklamidi. Kazi yake ni kufunga vile vijilango vya potasiamu kwa nguvu. Seli ya beta inadhani sukari iko juu, inamwaga insulini, sukari iwepo isiwepo. Mtu aliyekula ugali wake vizuri kinamsaidia. Wewe ambaye umeacha chakula cha usiku, ukimeza kimoja saa nne, saa tisa unaweza kuwa na sukari ya 2.5 na wewe umelala fofofo.

Naomba nikae hapa kidogo. Nimewapokea zaidi ya mara moja, alfajiri, mgonjwa kabebwa na ndugu wanne. Kanga imelowa jasho utadhani ametoka kuoga. Anatazama lakini haoni, anasema maneno yasiyoeleweka, anasukuma watu. Ndugu wameshapitia kwa mganga kwa sababu wanasema amepandisha. Unamtoboa kidole, mashine inasoma 1.9. Unatafuta mshipa, unamsukumia glukosi, na kabla bomba halijaisha anageuka na kuuliza: jamani, hapa mmenileta lini? Hakuna jini lililotoka hapo. Ni ubongo uliokuwa na njaa. Wengine hatuwawahi.

Dalili za sukari kushuka chini ya 4 ni jasho la ghafla, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, midomo kufa ganzi. Hizo huletwa na homoni ya adrenalini, mwili unapogonga mlango wa ini kwa nguvu lifungue ghala. Ikishuka chini ya 3 ubongo wenyewe unaanza kuchanganyikiwa. Usiku dalili zake ni ndoto za kutisha, shuka lililolowa, na kuamka na kichwa kinachouma. Dawa yake ni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, ile yenye sukari. Subiri dakika 15, pima tena, bado ni chini ya 4 rudia, ikipanda kula kitu. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, atapaliwa. Mlazeni ubavu mkimbilie hospitali. Metfomini ikitumiwa peke yake ni nadra sana kumfikisha mtu hapo, ndiyo maana wewe hujawahi kuyaona haya. Lakini mwulize jirani yako kama yeye anayajua.

Turudi kwenye ini. Watu wengi wameelezwa kwamba insulini ni ufunguo wa kuingiza sukari kwenye seli. Ni kweli kwa misuli na mafuta: insulini ikifika, seli zake hupandisha vibebeo juu ya ukuta na kuivuta sukari ndani. Ubongo hauhitaji ufunguo huo, wala chembe nyekundu za damu. Kwa mtu aliyelala, hata hivyo, kazi kubwa ya insulini ni kulizuia ini. Angalia mabomba yalivyopangwa. Damu inayotoka kwenye kongosho haiendi moja kwa moja moyoni, inapita kwanza kwenye mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini. Insulini mbichi inafika hapo kwanza, na ini hubakiza karibu nusu yake, mwili mwingine unapata kilichobaki. Ini ndilo linaloambiwa kwanza, tena kwa sauti ya juu kuliko kiungo kingine chochote.

Kwako ini limekuwa zito wa kusikia. Mara nyingi chanzo ni mafuta yaliyojikusanya ndani ya ini lenyewe, yanayoendana na kitambi, ingawa nina wagonjwa wembamba wenye shida hiyo hiyo. Insulini inasema funga, ini linafunga nusu mlango. Kongosho linapaza sauti, miaka inakwenda, kongosho linachoka. Na kwenye kisukari aina ya pili seli za alfa nazo hazitulii inavyotakiwa, glukagoni inaendelea kusema toa wakati haijaulizwa.

Sasa kwa nini iwe alfajiri? Kuanzia kama saa tisa usiku mwili unajiandaa kuamka. Kortisoli, homoni ya kuuamsha mwili, inaanza kupanda na kufika kileleni karibu na muda wa kuamka. Homoni ya ukuaji, iliyotolewa kwa wingi kwenye usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, inakuwa imeanza kuonyesha athari yake, ambayo ni kupunguza makali ya insulini. Zote mbili zinalichochea ini: tia mafuta gari, safari inakaribia. Kwa asiye na kisukari kongosho linaongeza insulini kidogo na mizani inabaki pale pale. Akiamka ana 4.8 na hajui kilichotokea. Kongosho lako halina nyongeza hiyo ya haraka na ini lako ni zito wa kusikia, basi maandalizi ya safari yanaonekana kwenye mashine. Madaktari wanalijua jambo hili la sukari kupanda alfajiri, na ni la kawaida kabisa. Kuna usiku unapima 6.8 na kulala kwa amani, kumbe saa tisa ulikuwa na 6.5, kisha kuanzia hapo ndiyo ngazi inapandwa.

Kuhusu kuacha chakula cha usiku, mama, hapo ulijitesa bure. Ini halitegemei sahani yako ya jioni. Asubuhi, baada ya usiku mzima, karibu nusu ya sukari linayotoa haitoki kwenye glikojeni. Linaitengeneza upya kutokana na vitu vingine: laktati inayotoka kwenye chembe nyekundu na misuli, gliseroli inayobaki mafuta yanapovunjwa, na vipande vya protini. Ukilala njaa unavunja mafuta mengi zaidi, na mafuta hayo yakifika kwenye ini ndiyo kuni za kiwanda hicho. Kwenye kisukari aina ya pili kiwanda hiki cha kutengeneza sukari mpya ndicho kinachofanya kazi kupita kiasi. Na metfomini unayotumia, kazi yake kubwa ni hapo hapo, kupunguza kasi ya kiwanda. Ukisikia mtu anasema metfomini ni dawa dhaifu, mwambie aje tuzungumze. Dozi yako ya sasa ni ya kuanzia. Inaweza kuongezwa, ila aiongeze daktari wako baada ya kupima figo zako. Usijiongezee mwenyewe.

Kula jioni basi. Kula mapema, saa moja au saa mbili, si saa nne. Ugali kiasi cha ngumi yako moja, mboga za majani nusu sahani, na samaki au maharage. Dona ni afadhali kuliko sembe, ingawa tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Wingi ndio unaoamua. Mwili una akili moja nzuri hapa: sukari ikipitia utumboni, utumbo wenyewe hutuma homoni kwa kongosho kuliambia lijiandae, mzigo unakuja. Glukosi ile ile ikiingizwa moja kwa moja kwenye mshipa, insulini inayotolewa ni kidogo zaidi. Ukila taratibu, pamoja na mboga na protini, utumbo unapata muda wa kutuma ujumbe.

Baada ya kula, tembea dakika 15 au 20. Hili nalisisitiza kuliko mengine kwa sababu msuli unaofanya kazi huvuta sukari hata bila insulini. Kukunja na kukunjua kwenyewe hupandisha vile vibebeo juu ya ukuta wa seli. Ni mlango wa pili, na kisukari hakijaufunga. Na cherehani yako, kama ni ya kukanyaga, usiwe na haraka ya kuifunga mota. Haitoshi kuwa mazoezi, lakini mashavu ya miguu yanayokanyaga mchana kutwa yanakula kitu.

Yapo mengine yanayopandisha sukari ya asubuhi nayapitia haraka: usingizi mbaya, msongo wa mawazo, jino lililooza au ugonjwa wowote wa kuambukiza, na dawa kama prednisoloni au deksamethasoni. Kama kuna mtu amekupa vidonge vya kuongeza mwili au vya viungo bila kukuambia ni vya nini, vipeleke kliniki vikaangaliwe. Na Ramadhani ikikaribia, kama unafunga, nenda kliniki wiki kadhaa kabla, dozi zipangwe upya.

Kabla ya yote hayo hakikisha namba zenyewe ni za kweli. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu mashine ya nyumbani ikosee hadi asilimia 15. Yaani 8.9 yako inaweza kuwa chini kidogo ya 8 au hata kufika 10, na usipoteze usingizi kwa 8.9 ya jana dhidi ya 8.6 ya leo. Tazama mwelekeo wa wiki. Nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha, ndipo utoboe. Msimu wa maembe nimeona mtu na 17 kwenye mashine, ananawa, anapima tena, ana 7. Alikuwa amemenya embe. Pima mara tu unapoamka, kabla hujachota maji na kuwasha moto, maana mapilika ya asubuhi nayo huliamsha ini. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu mashine inaweza kumsomea juu kuliko ukweli. Kipimo cha maabara kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kile cha asilimia (HbA1c), ni kizuri zaidi kwa kuona picha kubwa, isipokuwa kwa wenye selimundu, kwao kinadanganya kwa sababu chembe zao nyekundu hazidumu muda wa kawaida. Na usitegemee kipimo cha mkojo. Figo huanza kuvuja sukari damu ikifika kama 10. Wazee waliokuwa wanaona sisimizi wamezingira mkojo walikuwa wanaona ugonjwa uliokwishavuka huko. Wewe mwenye 8.9 sisimizi hawakujui.

Kwa wengi wenye kisukari kliniki hulenga asubuhi iwe kati ya 4 na 7. Wewe umezidi, si kwa kutisha, lakini si jambo la kuacha lijiendee. Fanya hivi: usiku wa siku tatu tofauti, weka alamu saa tisa usiku. Pima saa nne, saa tisa, na saa kumi na mbili. Andika zote, na pembeni andika ulikula nini jioni na saa ngapi. Ikiwa saa tisa iko sawa na ya saa nne au chini kidogo, kisha inapanda, ni ini lako na alfajiri yake. Ikiwa tayari iko juu saa nne na inabaki juu usiku wote, tutazame chakula cha jioni au dozi. Ikiwa saa tisa iko chini ya 4, nenda kliniki kesho yake, usingoje tarehe. Miaka ya 1930 Michael Somogyi, mwanabiokemia aliyekuwa akifanya kazi St. Louis huko Marekani, alidai kwamba sukari ya juu asubuhi ni mwili unaolipiza baada ya kushuka usiku. Vipimo vya siku hizi vinavyosoma sukari usiku kucha vimeonyesha kwamba mara nyingi sivyo, lakini kwa mwenye insulini au vidonge kama vya jirani yako bado ni lazima saa tisa ipimwe ndipo mtu aguse dozi.

Daftari hilo nenda nalo kliniki. Ukiambiwa tena udhibiti mdomo, fungua ukurasa wa saa tisa, uuweke mezani, na uulize mambo mawili: metfomini iongezwe, na figo zipimwe lini. Ukianza kukojoa sana, kiu isiyokatika, kutapika, au mashine ikisoma zaidi ya 15 mara mbili mfululizo, usingoje kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na kabati la mandazi mwambie mzee alifunge yeye, ufunguo alale nao. Asubuhi mkiamka upime wewe, halafu na yeye atoe kidole. Stripu moja haitawafilisi, na ini lake pia limefanya kazi usiku kucha.